Picha ya Arusi Siku ya Mvua

Mtu aliyealikwa kupiga picha za arusi hupewa dhamana mbili kwa wakati mmoja. Dhamana ya kwanza ni ya uzuri: maarusi wataka waonekane wazuri siku ambayo hawatakuwa nayo tena. Dhamana ya pili ni ya ukweli: picha itakuwa shahidi kwa watu ambao hawakuwapo, hata kwa watoto ambao hawajazaliwa. Jua likiwa la wastani na upepo ukiwa mtulivu, dhamana hizi hukaa pamoja bila ya ugomvi. Mvua ikinyesha, hugombana. Basi zikigombana, ipi ina haki ya kutangulia?

Swali hili lina uzito wa peke yake Bugarama, wilayani Msalala katika mkoa wa Shinyanga, karibu na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu. Huko mvua aghalabu huanza Novemba na kukoma kiasi cha Mei, na miezi inayobaki ni ya vumbi na jua kali. Mkulima hupenda kuoza baada ya mavuno, chakula kikiwa ghalani na njia zikiwa kavu. Lakini mfanyakazi wa mgodini huoa apatapo likizo, na likizo haiulizi mawingu. Tena mvua si adui wa nchi hii. Kabla ya utemi kuondolewa mwaka 1963, mtemi wa Kisukuma alihesabiwa kuwa na dhamana juu ya mvua, na ilipokosekana lawama ilimfikia yeye. Mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula. Miti ilipokwisha kukatwa na malisho kukauka, ilibidi mwaka 1986 uanzishwe mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliowasaidia wananchi kurudisha ngitili zao. Katika nchi ya namna hii, mpiga picha huomba mvua isinye saa ile ile ambayo jirani wa arusi huomba inye.

Nilihudhuria arusi moja huko mwezi wa Desemba, baada ya msimu mbaya wa mahindi. Watu walipotoka kanisani mvua ilishuka kwa nguvu. Mpiga picha, kijana mwenye adabu na ujuzi, aliwapeleka maarusi barazani kwa duka, akawasimamisha mbele ya ukuta mweupe. Mvua ilipopungua alitaka kuwaongoza hadi mwembe uliosimama peke yake uwanjani, kwa kuwa nuru chini yake ilikuwa nzuri. Radi ilikuwa ingali ikinguruma. Mzee mmoja alimwambia, “Mwanangu, hapo hapasimamwi.” Akajibu, “Dakika moja tu, babu.” Dakika ile ilipita salama, walakini salama ya bahati si hoja. Nchi zinazozunguka Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za Afrika zipigwazo sana na radi, na mti wa peke yake ni kimbilio baya. Hapa pana kanuni ambayo sidhani ina mpinzani: uhai wa mtu hutangulia uzuri na ukweli vyote viwili.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi. Bibi wa biarusi alikuwa ameketi nje juu ya kiti, amekataa mwavuli, amekinga viganja vyake vikajaa maji. Alimwita mjukuu wake aje amnyunyizie usoni. Haikuwa mila niliyoijua. Ilikuwa furaha ya mkulima aliyengoja mvua muda mrefu. Mpiga picha alimsihi biarusi asiende, maana poda ingechuruzika. Biarusi alisita, kisha akatii. Bibi alicheka, akajinyunyizia mwenyewe.

Albamu ilipoletwa, mvua haikuwamo. Mbingu ya kijivu ilikuwa imebadilishwa kwa kompyuta ikawa samawati, na matope yamefutwa katika pindo la gauni. Bibi alifariki kabla ya msimu uliofuata. Nilimwona mjukuu wake akifunua kurasa zile, akitafuta picha ya viganja vile, asiione.

Mtetezi wa mpiga picha atasema: kijana huyu aliajiriwa na maarusi, hakuajiriwa na historia. Tena atauliza, tangu lini picha ikawa kiapo? Katika studio za pwani wateja walipigwa picha mbele ya mapazia yaliyochorwa, na wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, waliwasimamisha wasafiri mbele ya mandhari ya rangi. Hoja hii ina nguvu, lakini haitoshi. Mteja wa Likoni alijua kuwa nyuma yake pana kitambaa, na aliyeitazama picha alijua vile vile. Kupamba kwa ridhaa si uongo. Uongo huanza pale jambo lililotukia linapoondolewa kwa siri, na mtu akaachiwa kumbukumbu ya siku ambayo hakuiishi. Wala si haki kusema kuwa maarusi walichagua. Hawakuulizwa, walidhaniwa tu kuwa wataona haya kwa mvua.

Ufundi wenyewe haulazimishi uongo huu. Jua la saa sita huunguza weupe wa gauni na kuzitia nyuso nyeusi kivuli kikali. Wingu hulainisha nuru, gauni na uso vikaonekana pamoja. Mpiga picha aepuke tu kuwasimamisha watu mbele ya mbingu nyeupe, kwa sababu kamera hudanganyika ikatia nyuso giza. Akitaka matone yenyewe yaonekane, atafute nyuma yake kitu cheusi, kama mlango ulio wazi au kijani kizito cha mti wa mbali. Mvua, basi, yapigika picha, na yapigika vizuri.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Uzuri utangulie katika namna ya kuonyesha, na ukweli utangulie katika kuchagua kinachoonyeshwa. Mpiga picha ana ruhusa ya kutafuta nuru njema, kungoja, kupamba, hata kufuta tope akiombwa. Hana ruhusa ya kumzuia mtu asiishi siku yake ili picha ya siku hiyo ipendeze. Poda ya biarusi ingepakwa tena kwa muda mfupi. Bibi hakuwa na mvua nyingine ya kungoja, na hapana aliyejua hilo siku ile, si mjukuu wala mpiga picha. Kwa kuwa hatujui, tumwache anayeitwa aende.