Dhahabu ya Jaani

Msomaji, sonara mwangalifu hatupi mavumbi ya karakana yake. Huyafagia jioni, akayaweka katika kopo, na kopo lijaapo huyachoma na kuyayeyusha ili azipate chembe zilizodondoka chini ya tupa. Mpita njia amwonaye huenda akamdhania bahili. Walakini sonara ajua ya kuwa dhahabu haiozi wala haishiki kutu, na kulala katika taka hakuipunguzii thamani.

Leo jaa la sonara limekuwa pana kama miji yetu. Ndani ya kila simu ya mkono mna dhahabu kidogo, maana hupitisha umeme vyema na haiharibiki. Tani moja ya mawe ya mgodi aghalabu hutoa gramu chache tu za dhahabu. Tani moja ya simu kuukuu hutoa mara nyingi zaidi ya hizo. Kati ya mwaka 2017 na 2019 Wajapani walikusanya simu zaidi ya milioni 6, pamoja na maelfu ya tani za vyombo vingine vya umeme, wakapata kilo 32 hivi za dhahabu na kilo 3,500 hivi za fedha, zikatengenezwa medali za Olimpiki ya Tokyo. Medali aliyovikwa Faith Kipyegon mwaka 2021 kwa mbio za mita 1,500 ilitoka humo. (Nayo, usishangae, ni fedha iliyopakwa gramu 6 hivi za dhahabu.)

Hadi hapa sifa ni halali. Lakini je, kila aokoaye mali jaani atenda mema? Madini hayatoki kwa kuombwa. Hutolewa kwa moto na tindikali, na moto una moshi. Tanuri lenye machujio ya moshi na mahali pa kusafishia maji ni ghali. Kuchoma nyaya uwanjani na kuchovya vibao vya umeme katika ndoo ya tindikali ni rahisi. Urahisi huo si zawadi ya mtu. Ile sehemu ya gharama ambayo tajiri hakuilipa haikutoweka. Imelipwa na mwingine, kwa mapafu yake.

Usidhani mambo haya ni ya ng'ambo. Risasi haina bei ya dhahabu, lakini nayo hutafutwa takani kwa moto uo huo. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Moshi uliingia majumbani, na maji machafu yakatiririka kati ya nyumba. Phyllis Omido, aliyepata kufanya kazi humo, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi katika damu. Akasimama na jirani zake kudai haki, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, shauri likapanda kwa rufani hadi Mahakama ya Juu, iliyothibitisha haki yao Desemba 2024.

Yuko atakayejibu kwamba maskini huchagua moshi kuliko njaa, na kwamba tusimnyime riziki kwa huruma yetu. Hoja hii siidharau, maana njaa ni kali na haingoji mahakama. Ila asiyeambiwa kilichomo moshini hajachagua kitu, na mtoto anyonyaye hakuulizwa kabisa. Risasi iliyouzwa yaweza kuyeyushwa mara nyingi, ikawa betri mpya kila mara. Madhara iliyoyaacha katika ubongo wa mtoto hayaondoki, wala hayakuondolewa na hukumu ya mabilioni.

Simu iliyo nyumbani kwenu, msomaji, itaharibika siku moja, na mnunuzi wa vyuma chakavu atapita mlangoni. Kabla ya kupatana naye bei, muulize aipeleka wapi.