Kosa Langu na Leseni Yao

Mwaka 2001, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, tulipata kompyuta tatu na diski moja ya programu ya kuandikia. Leseni yake iliruhusu kompyuta moja. Mimi ndimi niliyemwambia fundi, "Itie zote." Wiki hiyohiyo nilitia saini barua ya kumfukuza mwanachuo aliyenakili majibu ya mwenzake. Sikuona uhusiano wowote. Nimeuona nikiwa nimestaafu, hapa Sanje.

Wapo wanaosema programu haipungui ikinakiliwa, kwa hiyo hakuna kilichoibwa. Jibu hilo halinitoshi. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, na mimi mwenyewe nisingependa mtu akichape kitabu hiki bila kuniuliza. Nilikosa.

Lakini kosa langu haliifanyi leseni ile kuwa njema. Mwenye jembe akikataa kuliazima, hapa kijijini tutamwita mchoyo, basi. Leseni ile inamkataza hata mnunuzi kubadili mpini. Maandishi yaliyoiunda programu hayaoni, na kuichokonoa ni marufuku. Nitamfundishaje kijana ufundi wa kitu alichokatazwa kukifungua?

Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU, ili uwepo mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta ambao kila mtu ataruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kumpa jirani. Leseni yake ya mwaka 1989 nayo ina sharti: ukigawa ulichorekebisha, toa na uhuru uleule. (Hakuna aishiye bila masharti.)

Matunda ya uhuru wa namna hiyo tuliyaona nyumbani. OpenOffice, programu ya kuandikia, ilifunguliwa maandishi yake na kampuni ya Sun mwaka 2000. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na Waswidi, wakaitoa kwa Kiswahili, kwa jina la Jambo OpenOffice. Hawakuhitaji kumpigia mtu magoti. Microsoft nayo ilitoa Kiswahili chake baadaye, ila kwa hiari yake, si yetu.

Yule mwanachuo nilimwona mara ya mwisho akiondoka na sanduku lake. Habari za kompyuta alizijua. Alikuwa mmoja wa waliozibeba kuziingiza ofisini. Hakuniuliza kitu.