Kudura Si Kinga ya Mzembe

Ndugu yangu, ukikaa barazani baada ya Alasiri utasikia neno "Mungu atajaalia" likisemwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza hulisema akiwa amekwisha kufanya lake: shamba limelimwa, mbegu imefukiwa, sasa anatazama mbingu. Wa pili hulisema ili asiulizwe kwa nini jembe lake bado liko uvunguni. Neno ni lile lile, na kwa masikio peke yake huwezi kuwatenga. Nasaha hizi zinamhusu zaidi huyu wa pili. Kidogo zinamgusa na mtu wa tatu, asiyelisema neno hilo kabisa, kwa kuwa anaamini kila alichonacho kimetoka katika ubongo wake.

Wahenga wa pwani walisema jitihada haiondoi kudura. Siku hizi methali hiyo hutupiwa kijana anayetaka kujaribu jambo, kana kwamba wahenga walikusudia kumwambia atulie asijisumbue. Mimi naiona ni ya aliyekwisha kujitahidi, asije akajiona ana amri juu ya mambo. Aliyelala haimhusu, yeye wahenga hao hao walimwekea methali yake, kwamba ajizi ni nyumba ya njaa.

Kisa cha ngamia kila mtu anakijua, nami sitakaa nacho sana. Amekipokea Tirmidhi kutoka kwa Anas bin Malik: mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) amfunge ngamia wake kisha atawakali, au amwache bila kamba na atawakali, akajibiwa amfunge kwanza. Jawabu lile lina sehemu mbili, na wengi wetu tukilihubiri tunaishia kwenye kamba. Ngamia aliyefungwa bado huweza kuibwa, na kamba nzuri pia hukatika. Kufunga ni wajibu wa mwenye ngamia. Kumkuta asubuhi ni jambo la Mwenyezi Mungu.

Litazame zaidi jambo hili katika safari ya Hijra, mwaka 622. Kama kuna mja aliyekuwa na ahadi ya Mola wake ya kutosha kumtoa Makka mchana kweupe, akipita katikati ya Makureshi bila matayarisho, ni Mtume. Hakutoka hivyo. Sayyidna Abubakar alikuwa amewalisha na kuwaweka tayari ngamia wawili tangu miezi ya nyuma. Sayyidna Ali alilala kitandani pa Mtume, kisha akabaki mjini kurudisha amana za watu. Madina iko kaskazini, wao wakashika njia ya kusini na kujificha katika pango la mlima Thaur siku tatu. Abdullahi, mtoto wa Abubakar, akishinda mjini kusikiliza nini kinapangwa, na usiku ukiingia akapeleka habari pangoni. Dada yake, Bibi Asmaa, ndiye aliyeshughulika na masurufu, mpaka akapasua mshipi wake apate cha kufungia chakula. Amir bin Fuhaira akawapitisha kondoo pale, ikawa maziwa yanapatikana na nyayo zinafutika. Na kiongozi wa njia, Abdullahi bin Uraiqit, wala hakuwa Mwislamu. Alikodiwa kwa kuwa alikuwa hodari wa njia na alikuwa mwaminifu.

Hapo kwa Ibn Uraiqit nina neno. Kuna watu wakijenga nyumba humkataa fundi anayejua kazi kwa sababu si wa msikiti wao, wakamchukua jamaa asiyeweza hata kunyoosha ukuta, kisha ufa ukitokea wanasema ndivyo ilivyoandikwa. Wangesoma Hijra upya.

Pamoja na hayo yote, wafuatiliaji walifika hadi kwenye mdomo wa pango. Abubakar akaona kwamba mmoja wao akitazama chini ya miguu yake tu, watakuwa wameonekana. Ule mpango mzuri, wa ngamia na kondoo na habari za usiku, ulikuwa umefika ukingoni. Hapakuwa na la kuongeza. Hapo ndipo Mtume alipomtuliza sahibu yake asihuzunike, kwani Mwenyezi Mungu yu pamoja nao, kama inavyotajwa katika Sura ya At-Tawba. Maneno hayo ukiyaondoa hapo mahali pake, ukayaweka mdomoni mwa mtu ambaye hakukodi hata ngamia, yanakuwa maneno mengine. Na sisi, ukitazama, katika kisa hiki tunapenda kuwasimulia watoto habari za buibui na njiwa, ambazo wanazuoni wa hadithi wamezozana juu ya usahihi wake, kuliko kuwasimulia mshipi wa Asmaa, ambao hauna mzozo. Labda kwa sababu utando wa buibui hautudai kitu.

Lakini usije ukafikiri kwamba ukipanga vizuri, matunda yatatokea pale pale ulipoweka mkono wako. Hapa ndipo wachapa kazi wanapokosea, nao ni watu wazuri, kwa hiyo wasikilize vyema. Bibi Hajar alipoachwa na mwanawe mchanga katika bonde lisilo na maji, alimuuliza Nabii Ibrahim kama ni Mwenyezi Mungu aliyemwamrisha hivyo. Alipoambiwa ndiyo, akasema kwamba basi Mungu hatawatupa. Imani yake ilikuwa kamili tangu saa hiyo. Maji ya kiribani yalipokwisha hakukaa chini kuisubiri ahadi. Alipanda Safa akaangalia, akateremka, akakimbia, akapanda Marwa, akarudi, mara saba. Na kule alikokuwa akikimbia maji hayakupatikana. Yalitoka upande mwingine, pale alipokuwa mtoto. Mamilioni ya mahujaji na wenye umra wanafanya sai baina ya vilima viwili ambavyo mama yule hakupata kitu juu yake, na kukimbia kule, ambako kwa hesabu ya duka ni hasara tupu, kumefanywa ibada.

Fikiri juu ya hilo unapokuwa umepeleka barua za kazi kwenye ofisi nyingi na zote zimekaa kimya, kisha kazi ikaja kwa mtu uliyekutana naye mazikoni. Barua zile hazikupotea bure. Wala usiseme kwamba ungejua usingeziandika. Na jambo moja zaidi kwa Bibi Hajar, ambalo husahauliwa: maji yalipotoka, aliyazingira kwa mchanga kwa mikono yake na kujaza kiriba chake. Neema ikija bado ina kazi yake. Wangapi wamepata walichokiomba kwa machozi, halafu wakakiacha kimwagike?

Nakuja kwenye maradhi, maana hapa adabu huvunjwa sana. Sayyidna Umar bin al-Khattab alipokuwa safarini kuelekea Sham, alifika mahali panapoitwa Sargh akakutana na makamanda wake, wakampa habari kwamba kuna tauni mbele. Akawaita Muhajirina awatake shauri, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, wakahitilafiana nao. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakakubaliana kwamba arudi na watu. Alipotangaza kurudi, Abu Ubaida bin al-Jarrah, mtu ambaye hakuna wa kuitilia shaka dini yake, akamuuliza kama anaikimbia kudura ya Mungu. Umar akajibu kwa maana hii: anatoka katika kudura ya Mungu na kuingia katika kudura ya Mungu. Akampigia mfano wa mchunga mwenye mabonde mawili, moja la majani na moja kavu. Popote atakapowalisha ngamia wake, amewalisha kwa kudura. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf, aliyekuwa hayupo, akawaambia alimsikia Mtume akikataza kuingia kwenye nchi yenye tauni na akikataza kuikimbia nchi hiyo kwa aliyekuwamo.

Tafakari kilichofuata. Umar alirudi Madina. Abu Ubaida alibaki na watu wake Sham, na akafa katika tauni hiyo ya Amwasi, mwaka wa 18 Hijria. Hakuna aliyesema Umar ni mwoga wala aliyesema Abu Ubaida alijitakia. Basi sisi tunapata wapi ujasiri wa kwenda kumtazama mgonjwa wa sukari, tukamkuta na dawa zake mezani, tukamwambia angekuwa na yakini asingezihitaji? Mtume mwenyewe ameamrisha watu wajitibu. Mwenye kumshauri mgonjwa atupe dawa kwa jina la tawakali, kisha akarudi kwake kula na kulala, hakubeba kitu katika ushauri ule.

Na sasa jambo ambalo limekuwa likinikera siku nyingi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba, imepakia watu na mizigo kupita uwezo wake. Walikufa mamia, wengi wao wanawake na watoto. Katika nyumba za matanga neno lilikuwa moja, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Katika kinywa cha mama aliyepoteza wanawe hilo ni neno zito la imani, na malipo yake yako kwa Mola wake. Lakini neno hilo hilo likisemwa na mwenye kupakia chombo kupita kiasi, au na aliyekuwa na kazi ya kukikagua akakiachia kiondoke, ni ufedhuli. Yeye alipewa kamba akaiweka chini. Hawezi kuja baadaye kumtaja Mwenye ngamia. Kadhalika dereva wa basi anayepita gari jingine kwenye kona, na mkandarasi anayepunguza saruji. Ajali ikitokea, msiba uombolezwe kwa subira na uchunguzi ufanywe kwa ukali. Hayo mawili hayagombani, na anayekwambia kuuliza ni kukosa imani, mtazame vizuri ana nini cha kuficha.

Kuhusu riziki nitasema machache, kwa kuwa yamesemwa mengi. Abu Dawud amepokea kisa cha Ansari aliyekwenda kumwomba Mtume. Aliulizwa ana nini nyumbani, akasema ana nguo moja ya kujifunika na kutandika, na bakuli la kunywea maji. Viliuzwa kwa mnada dirhamu mbili. Moja akaambiwa awanunulie watu wake chakula, ya pili anunue shoka, na Mtume akalitia mpini kwa mkono wake, akamwamuru akakate kuni na asimwone kwa siku kumi na tano. Aliporudi alikuwa na dirhamu kumi. Naona watu wanapokisimulia wanausisitiza uvivu wa yule bwana. Mimi naona uvivu si habari kubwa pale. Huenda alikuwa hana shoka tu. Basi kabla hujampa kijana wa mtaani kwenu waadhi wa kujituma, uliza kama ana chombo cha kazi, na kama hana, mpini unaweza kuutia wewe.

Upande wa pili yupo anayejituma mpaka akapotea. Anayetoa rushwa ili apate zabuni, ukimchunguza, tatizo lake ni kutomwamini Mungu katika riziki. Anaona njia ya halali ni nyembamba mno kumpitisha. Na anayening'iniza hirizi juu ya mlango wa duka, hali bei zake ziko juu na lugha yake kwa wateja ni ya matusi, ameacha sababu za kweli akashika za uongo. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyapanga mambo haya vizuri katika Ihya: zipo sababu za yakini, kama mkono kupeleka tonge mdomoni, na kuziacha hizo ni wazimu, zipo za kudhaniwa kwa nguvu, kama kuchukua masurufu ya safari, na zipo za kuwaza tu, na hizo ndizo zinazoharibu tawakali ya mtu. Ukilisoma hilo utaona kwamba swali haliko kati ya kufanya na kutofanya. Liko katika ni nini unachokifanya, na moyo wako umeegemea wapi wakati mikono inafanya.

Vivyo hivyo istikhara. Wako wanaoswali rakaa mbili kisha wakalala wakisubiri ndoto iwaoneshe mchumba. Swali, ndugu yangu, kisha uamke ukaulize majirani zake, ukazungumze na wazee, ukajue deni lake na hasira zake zikoje. Ukishajua ya kutosha, amua, na usiyumbe kila anapopita kunguru juu ya paa.

Likikupata usilolitaka, Mtume amekataza mlango wa "lau": lau ningefanya hivi, ingekuwa hivi. Wengine wanalichukua katazo hilo kama ruhusa ya kutojifunza. Sivyo, kwani katika hadithi hiyo hiyo, aliyoipokea Muslim, kinacholitangulia katazo ni amri ya kufanya pupa juu ya linalokunufaisha na kumwomba Mungu msaada na usilegee. Unaloliacha ni kujitafuna juu ya lililopita. Kuhesabu ulikosea wapi ili msimu ujao upande mapema, hilo ni katika pupa uliyoamrishwa.

Na ikiwa aliyepatwa ni mwenzio, aliyelima vizuri na mvua ikamkimbia, kamwone siku ya kwanza bila mafundisho. Usimpimie tawakali yake, wala usianze kumweleza mbegu gani angetumia. Ukiweza, mchukulie debe la mahindi ya kula na ahadi ya mbegu. Darasa la kilimo mtalizungumza wakati wa kupanda, kama atakuuliza.