Vijana wa Kizimkazi, Kodi na Mazoezi ya Kila Siku

Wajukuu zangu wa Mkunguni na Dimbani, nawasikia barazani tangu asubuhi mpaka adhuhuri mkizungumza kodi. VAT, ushuru wa bandarini, leseni ya chombo, ada ya hiki na ada ya kile. Kisha linapita gari la serikali, na mazungumzo yanaanza upya. Hamjakosea. Anayetoa fedha ana haki ya kujua zimekwenda wapi, na asikuambieni mtu kwamba kuuliza ni utovu wa adabu. Kinachonisikitisha ni kuwa hasira yenu inakula asubuhi yote, na asubuhi ndiyo saa ambayo mwili una nguvu.

Kila tarehe 1 Januari Zanzibar tuna siku ya mazoezi ya viungo kitaifa. Vikundi vinatembea na kukimbia barabarani, viongozi pamoja nao. Ni jambo jema na nalipenda. Lakini wengi wanaokimbia siku hiyo hawanyanyui tena mguu mpaka Januari nyingine, na presha zao ziko palepale. Kodi nayo tumeifanya hivyohivyo. Bajeti ikisomwa Baraza la Wawakilishi tunapiga kelele wiki mbili, halafu mwaka mzima kimya. Mwili haujengwi kwa siku moja, wala serikali haihojiwi kwa siku moja.

Basi anzeni na mwili, kwa sababu huo hauhitaji kikao. Sisi tulivua kwa kafi na upondo, na maji yakipwa tulisukuma chombo mchangani kwa mabega. Mama zenu mpaka leo wanatembea ndani ya maji kufunga mwani kwenye kamba na kurudi na mzigo kichwani. Nyinyi mna boti za mashine za kuwapeleka wageni kuangalia pomboo, na bodaboda ya kukufikisheni mlangoni. Siilaumu mashine, imelisha nyumba nyingi hapa. Ila ile kazi ambayo bahari ilimpa mtu bila kuiomba, sasa lazima uitafute mwenyewe. Ukishasali alfajiri usirudi kulala, tembea. Alasiri nenda kwa miguu mpaka msikiti wa Dimbani, ule wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, uswali jamaa, urudi kwa miguu. Fanya hivyo siku ya mvua na siku ya uvivu pia.

Na soda mnazokunywa? Ndani ya bei ya ile chupa mna ushuru wa bidhaa, na ndani ya sigara pia. Mtu anakaa barazani anailaani kodi huku ameishika mkononi. Hiyo ni kodi ambayo sheria yenyewe inakuruhusu usilipe: kunywa dafu, kunywa maji. Sukari na presha vimeingia majumbani mwetu, na mgonjwa wa sukari anahitaji dawa maisha yake yote, za mfukoni mwake au za hazina ileile mnayoilalamikia.

Sasa nisikilizeni juu ya hiyo hazina. Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume alitangaza elimu bure, na watoto wa wavuvi wakaingia skuli. Miaka iliyofuata hazina iliishi kwa karafuu: serikali ilinunua kwa mkulima kwa bei ndogo, ikauza nje kwa bei kubwa. Haikuwa na haja kubwa na shilingi ya mvuvi wa Kizimkazi, na mvuvi hakuwa na nguvu ya kuiuliza. Miaka ya 80 bei ya karafuu ilianguka, Indonesia ikiwa imepanda zake za kujitosheleza. Leo serikali inaishi kwa utalii na kwa kodi, yaani kwa jasho lenu. Sauti yenu ina uzito ambao yetu haikuwa nao.

Nami nakula katika jasho hilo. Tangu Aprili 2016 Zanzibar inatoa Pensheni Jamii kwa kila mzee aliyefikisha miaka 70, awe alikuwa karani au mvuvi. Ilianza kwa Sh 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikafikishwa Sh 50,000. Kwa hiyo siwezi kukuambieni kodi ni wizi. Nakuambieni ifuatilieni.

Dai risiti ya kielektroniki kila ununuapo, maana VAT isiyo na risiti inaweza kuishia kwenye droo ya duka. Jua nani anachukua nini: ushuru wa forodha na kodi ya mapato ni Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), VAT ya hapa ndani ni Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA), ile tuliyozoea kuiita ZRB, ada ndogondogo ni za halmashauri. Ukimbebesha mmoja ada ya mwenziwe, hakuna atakayekujibu. Kisha kuna ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anayoikabidhi kwa Rais wa Zanzibar. Wangapi mmeifungua? Ni ndefu, lakini kurasa mbili kila jioni hazimshindi kijana aliyesoma. Na kuuliza kwa hesabu kunasikika: tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, watu walilalamika kwa hesabu za makato yao wenyewe, na Septemba mwaka uleule ikapunguzwa kwa asilimia 30.

Kijiji hiki kimemzaa Rais Samia Suluhu Hassan, na tamasha la Kizimkazi linatuletea wageni wengi. Tunajivunia kwa haki. Lakini fahari hiyo isikufungeni midomo. Jengo jipya likizinduliwa pigeni makofi, na mwezi wa pili yake mkaulize kama ndani mna dawa, mna walimu, mna maji.

Sheha akiitisha kikao, msituachie sisi wazee peke yetu. Njooni kwa miguu, daftari mkononi, muulize kwa sauti ya kawaida, na kikao kijacho muulize tena mpaka mjibiwe.