Mtoto Mgonjwa na Hofu ya Wazazi

Liko swali ambalo twapenda kuliweka mbele yenu, maana wengi hulijibu upesi kupita kiasi. Mzazi ampendaye mtoto wake mgonjwa, je, imempasa kumweka karibu naye daima, au ziko siku ambazo kumpenda ni kumwacha aende?

Swali hili laonekana wazi katika jambo lifanyikalo Marekani. Huko miezi ya Juni hata Agosti ni ya joto, shule zimefungwa, na watoto wengi hupelekwa kambini kando ya maziwa na misitu, wakae siku kadha wa kadha bila wazazi, waogelee na kuvua samaki. Zamani mtoto mwenye saratani alibaki nyumbani. Nani angemkubali, naye ameza dawa kali, nywele zimekwisha, na pengine ana mrija mwembamba uliotiwa kifuani wa kupitishia dawa? Basi zikaanzishwa kambi kwa ajili ya watoto kama hao. Moja iliyo mashuhuri ilifunguliwa mwaka 1988 huko Ashford, katika jimbo la Connecticut, na Paul Newman, mwigizaji wa sinema. Yaitwa Hole in the Wall Gang Camp. Wazazi hawalipi kitu, na madaktari na wauguzi wako papo hapo. Mwaka 1994 ikafunguliwa nyingine ya namna hiyo huko Barretstown, Ayalandi.

Mtu atasema, ikiwa madaktari wapo, shida i wapi? Twaona sisi kwamba shida haiko kwa mtoto. Iko kwa wazazi, nao ndio wa kutayarishwa kwanza. Mfikirini mama aliyekaa miezi mingi kando ya kitanda cha hospitali. Ajua kwamba dawa zile, pamoja na kuua ugonjwa, hupunguza chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili. Kwa hiyo homa ya nyuzi 38, ambayo jirani yake angeingojea mpaka asubuhi, kwake ni jambo la kukimbilia hospitali saa ile ile. Ajua kwamba hata tetekuwanga yaweza kumwua mwanawe. Mama huyu si mwoga wala si mjinga. Macho yake ndiyo yaliyomlinda mtoto hata leo, nasi twamwambia amkabidhi kwa watu asiowajua!

Kabla ya safari huletewa karatasi za kujaza: dawa zote na saa zake, chanjo alizopata, ni nani nyumbani aliyeugua karibuni, na kama mtoto hukojoa kitandani au huogopa giza. Hapo moyo wa mzazi hujaribiwa. Aweza kushawishika kuficha kwamba mdogo wake mtoto ana vipele tangu juzi, asije akakataliwa baada ya kungoja mwaka mzima. Wengi wangeusamehe uwongo huo, kwa kuwa umezaliwa na upendo. Sisi hatuwezi. Kambini wamo watoto wengine wengi ambao damu yao haina askari, nao wana mama zao.

Wako pia wasemao, “Ukiona vibaya, nitakuja kukuchukua.” Maneno hayo ni matamu, lakini wenye kuzijua kambi huwaonya wazazi wasiyaseme. Kwa nini? Kwa sababu mtoto husikia ndani yake kwamba mama mwenyewe haamini kuwa ataweza, na usiku wa kwanza atadai ahadi. Ni afadhali alale kwanza siku mbili tatu kwa shangazi yake, kisha aambiwe kweli: utatukumbuka, pengine utalia, na wapo wakubwa watakaokusaidia.

Tena iko kweli iliyo nzito zaidi. Watoto wakikutana huko huulizana bila haya, wewe saratani yako ni ya damu au ya mfupa? Aliyefichwa jina la ugonjwa wake atalisikia kwa mwenziwe, tena atajua kwamba nyumbani alidanganywa. Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya ng’ambo tu. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Kampala, aliandika mwaka 1958 habari za uvimbe wa taya uwashikao watoto wa nchi zetu, nao ni saratani. Ni nyumba ngapi kwetu ambamo wakubwa hunong’ona juu ya kichwa cha mtoto, naye amelala macho wazi akisikia yote?

Lakini mama aweza kutujibu hivi: “Pengine siku za mwanangu ni chache. Kwa nini niwape wageni hata saba?” Neno hili hatulidharau. Katika nchi zenye mali watoto zaidi ya 80 katika kila 100 wenye saratani hupona, lakini wasiopona wapo, na katika nchi maskini ndio walio wengi. Hata hivyo twamwuliza mama kwa upole, siku hizo ni za nani? Tangu alipougua, mtoto huyo ameambiwa alale, ainuke, anyoshe mkono achomwe sindano, ameze, atapike, anyamaze. Hakuna aliyemwuliza ataka nini. Kule kambini asubuhi ya kwanza mtu amwuliza, wataka kupanda farasi yupi, mweupe au mwekundu?