Ufunguo Shingoni
Somo: 1 Samweli 3:1-18

Sura hii inaanza na ukame: zama za Eli, sauti ya Mungu ilikuwa haisikiki mara kwa mara. Anayeishi kigango cha mbali anauelewa ukame huo. Padre anafika mara moja kwa mwezi, na masika mto ukifurika, pikipiki yake inageukia ng'ambo. Tunabaki na katekista, Ibada ya Neno, na rimu ya gari tunayoigonga badala ya kengele. Hapo ndipo tulipoanzisha Utoto Mtakatifu, kundi la sala la watoto.

Tulianza vibaya. Walezi tulikuwa watatu, kila mmoja na mafundisho yake marefu. Jumamosi ya kwanza walikuja watoto arobaini. Ya nne walikuwa saba, wawili wamelala. Tukawalaumu wazazi, tukaulaumu na mpira.

Samweli naye aliitwa usiku, na mara tatu akamkimbilia Eli. Sauti aliisikia vizuri. Asichojua ni nani anayeita. Eli, mzee wa macho yaliyofifia na wana walioharibika, hakumhubiria. Alimrudisha akalale, akampa jibu fupi la kumjibu Bwana, basi. Mimi ningemkalisha nikamfundisha mpaka kuche.

Katekista wetu akapunguza. Salamu Maria kumi, kwa kamba ya katani ambayo kila mtoto aliifunga mafundo kumi mwenyewe, kimya kidogo, kisha anayetaka anaomba kwa maneno yake. Hata Askofu Charles de Forbin-Janson, alipoanzisha Utoto Mtakatifu kule Ufaransa mwaka 1843, hakuwatwisha watoto mzigo: Salamu Maria moja kwa siku na sarafu moja kwa mwezi, kwa ajili ya watoto wa China. Kwetu sarafu ni yai, au konzi ya maharage.

Jumamosi moja msichana wa darasa la tatu, vidole vikichezea fundo, akaomba: "Ee Mungu, wazee wanagombania mabati, na sisi tunanyeshewa."

Wazee wawili kati ya hao walikuwa wamekaa nje, chini ya dirisha. Mmoja akataka kundi livunjwe, eti watoto wanafundishwa utovu wa adabu.

Wahubiri wengi wanaishia aya ya 10, mtoto anapoitika, maana ni patamu. Ujumbe wenyewe uko mbele: nyumba ya Eli imehukumiwa, na anayetumwa kusema ni mtoto aliyelelewa humo. Samweli anaogopa. Eli anamwapiza asimfiche hata neno moja, na akishasikia anakiri kwamba ni Bwana, na afanye apendavyo. Unayetaka kuanzisha kundi la sala la watoto, jiandae kwa aya ya 18 kabla hujashona sare.

Katekista aliwaita wazee wote, akawarudia ile sala kama ilivyosaliwa. Hakuongeza lake. Mabati ya kanisa yalipigwa kabla ya Kwaresima.

Kuna jambo dogo kwenye aya ya 15 ambalo nilikuwa nalipita kila mara: kulipokucha, Samweli alifungua milango ya nyumba ya Bwana. Ufunguo wa kanisa letu miaka yote ulikaa mfukoni mwa mwenyekiti. Siku hizi, kila Jumamosi, unakaa shingoni mwa yule msichana, kwenye kamba yake ya mafundo kumi.