Tununuapo Saa, Twanunua Nini?

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja, nalo ni "saa", kwa mambo mawili yaliyo mbalimbali. Saa ni ile sehemu ya siku ambayo Mungu humpa kila mtu bure, tajiri kwa maskini. Na saa ni kile chombo chenye mishale kivaliwacho mkononi au kutundikwa ukutani. Wazee wetu hawakuona haja ya kuyatenga mambo hayo mawili, maana chombo kilikuwa mtumishi wa wakati, na mtumishi hujulikana kwa bwana wake. Lakini ulimwengu wa leo umeyatenga. Wako watu wanunuao saa pasipo haja yoyote ya kujua saa, na viko vitabu vizuri vichapishwavyo kwa ajili yao. Juu ya vitabu hivyo, na juu ya moyo wa mtu avisomaye, twapenda kusema machache leo, kwa kuwa jambo hili, ingawa laonekana kuwa la mbali, limekwisha kuingia nyumbani mwetu.

Vitabu hivyo huitwa katalogi. Hutolewa na watengeneza saa wakubwa, hasa wa mji wa Geneva katika Uswisi, ambako chama cha mafundi wa saa kiliundwa mwaka 1601, na ambako nyumba ya Vacheron Constantin ilianza kazi mwaka 1755, na ile ya Patek Philippe mwaka 1839. Katalogi ya nyumba kama hizo haifanani na orodha ya bei ya dukani. Karatasi yake ni nzito na laini. Picha moja hujaza ukurasa mzima. Maneno yake ni machache na ya upole. Na bei mara nyingi haitajwi, kana kwamba kuitaja ni utovu wa adabu. Wako wakusanyaji wasioweza kununua hata moja ya saa zilizomo, lakini katalogi yenyewe huitunza kama mali, na katalogi za zamani huuzwa na kununuliwa. Hivyo kitabu kilichotengenezwa ili kutangaza bidhaa kimegeuka kuwa bidhaa.

Msomaji akikitazama kitabu hicho kwa makini ataona ajabu moja. Katika picha nyingi sana mishale yaonyesha saa nne na dakika kumi. Wafanyabiashara wanayo sababu yao: mishale ikikaa hivyo hailifuniki jina la fundi, na uso wa saa waonekana kama watabasamu. Lakini tulifikiri jambo hilo zaidi. Katika kitabu hicho ni saa nne ya asubuhi daima. Jua halijawa kali, wala halitakuchwa; hakuna adhuhuri ya jasho, hakuna jioni ya uchovu, wala usiku ule ambao mtu huitwa ghafula na kuacha yote aliyo nayo. Chombo kilichobuniwa ili kutukumbusha kuwa wakati wapita kimewekwa mahali ambapo wakati haupiti. Hapo ndipo ulipo mvuto wake, na hapo ndipo tupaswapo kuangalia.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuhukumu. Kwanza, ufundi ni jambo la heshima. Mtu aketiye miezi mingi akisugua vigurudumu vilivyo vidogo kuliko punje ya mtama, hata upande ule ambao mnunuzi hatauona kamwe, anatenda kazi ya uaminifu. Watu wa Masasi na Newala hawahitaji kufundishwa jambo hilo na mgeni. Wamakonde wametoa wachongaji ambao kazi yao ya mpingo imestaajabiwa duniani kote, nao wajua kuwa mti mgumu wadai subira. Pili, kupenda kitu kizuri si dhambi. Aliyeyapamba maua ya kondeni hakutuumba tuwe vipofu. Tatu, katalogi iliyoandikwa kwa ukweli ni shahidi, kwa maana humsaidia mnunuzi kupambanua saa halisi na saa ya bandia. Hayo yote twayakubali. Swali letu si hilo. Swali letu ni hili: fedha nyingi namna ile zikisha kulipwa, kilichonunuliwa ni kitu gani?

Hakiwezi kuwa usahihi wa wakati. Siku ya Noeli ya mwaka 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza saa ya mkononi iendeshwayo na betri pamoja na jiwe dogo liitwalo kwatzi. Tangu hapo namna hiyo ya saa imekuwa rahisi hata kupatikana kwenye meza za wachuuzi. Saa ya bei nafuu ya kwatzi aghalabu haikosei kuliko nusu dakika kwa mwezi mzima. Saa ya kamani, iliyopimwa na ofisi ya Uswisi ipimayo usahihi, yaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kutangulia sekunde 6 kila siku, na bado huhesabiwa kuwa bora. Basi mwenye kutaka wakati tu, angenunua ile ya mchuuzi.

Wala kinachonunuliwa si madini. Mwezi Novemba mwaka 2019, huko Geneva, saa moja ya Patek Philippe iliuzwa mnadani kwa faranga milioni 31 za Uswisi. Saa za namna hiyo kwa kawaida zilikuwa za dhahabu. Hiyo ilikuwa ya chuma cha pua. Na usoni mwake yaliandikwa maneno ya kusema kuwa ni ya pekee. Mkulima wa Newala apelekaye korosho ghalani ajua mnada ni nini: kilo ni kilo, na daraja ni daraja. Lakini katika mnada ule wa Geneva chuma kiliishinda dhahabu, kwa sababu moja tu: dhahabu wengine walikuwa nayo, na chuma kile hakuna mwingine aliyekuwa nacho.

Sasa tumekaribia shina la jambo. Kitu kiuzwacho, zaidi ya ufundi, ni kule kukosa kwa wengine. Nasi twapendekeza kipimo ambacho kila mtu aweza kujipimia mwenyewe. Laiti fundi yule angetengeneza kesho saa elfu kumi, zote sawasawa na ile kwa uzuri na ustadi, zikagawiwa watu wa kawaida, je, furaha ya mwenye ile ya kwanza ingedumu? Ikiwa ingedumu, huyo aliupenda ufundi, nasi twampongeza. Ikiwa ingekufa, basi hakuipenda saa. Alipenda kusimama juu ya jirani yake, na saa ilikuwa ngazi tu.

Mtu atatujibu kuwa mnada ule ulikuwa wa hisani, na fedha zilikwenda kutafuta dawa ya ugonjwa wa misuli unaowashika watoto. Ni kweli, na jambo hilo ni jema, hatulibezi. Lakini na tulitafakari. Ugonjwa ulikuwapo kabla ya saa kuwapo. Kilio cha mtoto peke yake hakikuweza kufungua mkoba ule. Ilihitajika kuweka kando yake kitu kisicho na mwenzake. Hisani imepata mali yake, lakini moyo wa mwanadamu umefunuliwa.

Kuna kisa kingine kilichogusa pande zetu. Kati ya mwaka 2007 na 2009 Vacheron Constantin ilitoa saa zilizokuwa na vinyago vidogo vya dhahabu katikati ya uso, mifano ya vinyago 12 vya Afrika, Asia, Amerika na visiwa vya Pasifiki, vilivyomo katika Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Zilitengenezwa 300 tu. Saa hizo hazikuwa na mishale: kinyago kilikaa katikati, na saa, dakika, siku na tarehe zilisukumwa pembeni, katika vidirisha vinne. Kazi ilikuwa ya ustadi mkubwa, lakini mtumishi alikuwa amemsogeza bwana wake kando.

Katika miaka hiyo hiyo, makumbusho hayo yalikuwa na kinyago cha Kimakonde kilichoibwa mwaka 1984 katika Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam, nayo yalikuwa yamekinunua mwaka 1985. Hivyo ni visa viwili mbalimbali, wala hatuseme kuwa mnunuzi ndiye mwizi. Baada ya mazungumzo ya muda mrefu kinyago kilirudishwa Tanzania kwa mapatano ya mwezi Mei mwaka 2010, na jambo hilo ni la kusifiwa. Lakini visa hivyo viwili vyafundisha jambo moja. Lipiko la Wamakonde lilichongwa ili livaliwe na mchezaji, ngoma ilie, watoto watishike, na kijiji kizima kiwapokee vijana waliotoka jandoni. Likiondolewa katika kazi yake na kutiwa bei, huwa kitu cha kutamaniwa. Na kitamaniwacho na wengi hakikosi mwizi wake. Ni kweli kuwa Makumbusho ya Taifa nayo ni kabati la kioo. Lakini ni kabati la watu wote, ambamo mtoto wa Masasi aweza kusimama na kuiona kazi ya babu zake. Kutunza kwa ajili ya wote ni kutunza. Kuficha ili wengine wasiwe nacho ni jambo jingine.

Labda msomaji atasema, "Haya ni ya matajiri wa Ulaya, mimi yanihusu nini?" Yanakuhusu, ndugu. Katalogi ya leo haihitaji karatasi nzito. Imo katika simu ya kijana wako, na kurasa zake hazina mwisho. Msimu wa korosho ukiisha kulipwa, ni wangapi wanunuao kitu kwa sababu tu jirani hana? Tena angalieni saa za bandia ziuzwazo mitaani zikiwa na majina makubwa ya Geneva. Hazina ufundi wa Geneva, na jina lililoandikwa usoni ni uongo. Anunuaye akijua hivyo hanunui wakati wala kazi ya mikono, anunua kuonekana. Tajiri ametumia mamilioni na maskini ametumia akiba ya mwezi, lakini ugonjwa wao ni mmoja.

Wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hiyo wazazi wawafundishe watoto kujiuliza maswali matatu kabla ya kufungua mkoba. Je, kitu hiki kitafanya kazi gani? Je, ningekitaka kama hakuna atakayeniona nikiwa nacho? Je, kuna mtu wa nyumbani kwangu atakayekosa cha lazima kwa sababu ya kukinunua? Mtu akijibu maswali hayo kwa unyofu, na anunue kwa amani, hata kiwe kizuri namna gani.

Saa yenye heshima kuliko zote si lazima itoke mnadani. Katika hospitali kama ile ya Mkomaindo, Masasi, muuguzi hushika kiganja cha mgonjwa, akatazama mshale wa sekunde, akahesabu mapigo ya moyo. Kwa dakika ile moja chombo na wakati vimekuwa kitu kimoja tena, kama lugha yetu ilivyovitaja, na dakika hiyo yote amepewa mgonjwa. Yule tajiri wa Injili alikuwa na ghala za kutosha miaka mingi, lakini usiku mmoja hakuwa nao. Sisi sote, wenye saa za dhahabu na wasio na saa kabisa, twapewa saa 24 kila siku, wala hapana mnada ziuzwapo. Basi kila mmoja na aangalie leo amempa nani saa zake.